Ile "shhh" ya hedifoni: nilimlaumu kijana wa watu, kumbe kosa liko mezani kwangu

Mwaka jana nilipata kazi ya kunakili mahojiano yenye urefu wa saa sita na nusu. Kijana mmoja mtafiti alikuwa amewarekodi wazee wa Kilwa Kisiwani wakisimulia uvuvi wa zamani, naye alitaka kila neno liandikwe, hata kikohozi. Kazi za namna hiyo ndizo zinazonipa ugali, na nina kanuni yangu: neno nisilolisikia naandika "haisikiki" na dakika yake, sibuni. Kufika katikati ya faili la tatu nilikuwa nimeshaandika "haisikiki" mara 17. Nyuma ya sauti ya mzee kulikuwa na shhh isiyokatika, kama mtu anakaanga samaki nyumba ya pili, na chini yake mvumo mnene, mmmm, kama nyuki ndani ya kopo.

Nikamwandikia yule kijana: "Kaka, rekodi zako zina kelele sana, mzee namsikia kwa shida." Akanirudishia kipande cha dakika moja na maneno matatu: "Dada, sikilizia simu." Nikasikilizia simu. Mzee anasikika kama amekaa kwenye mkeka wangu, hata jogoo wa uani namsikia. Aibu niliyoipata haikuwa ndogo, maana nilikuwa nimeshapitisha mafaili mawili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kupunguza kelele ambayo haikuwemo, nikamfanya mzee wa watu aongee kama amezamishwa kwenye pipa la maji.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu, simamisha rekodi. Usicheze chochote, vaa hedifoni, nyamaza. Kelele ikiendelea wakati hakuna kinachochezwa, haimo ndani ya faili. Kisha chomoa hedifoni hizohizo uzichomeke kwenye simu. Kukiwa kimya, hedifoni ni nzima na tatizo liko kwenye laptopu au kwenye umeme wake. Ni kazi ya dakika mbili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya hedifoni mpya.

Baada ya hapo watu wengi wanakimbilia kubadilisha draiva, yaani programu inayoendesha kifaa cha sauti. Ngoja kwanza. Kelele haikai vilevile muda wote. Kuna kitu ukikigusa inabadilika, na hicho ndicho cha kutafuta. Mimi nilianza na chaja kwa bahati tu, kwa sababu umeme ulikatika. Taa zilipozimika, ule mvumo wa nyuki ulizimika nao papo hapo. Shhh ikabaki. Ndipo nikajua nina kelele mbili, siyo moja, na pengine ndiyo maana kila dawa niliyojaribu ilionekana haifanyi kazi: unatibu moja, nyingine inaendelea kukupigia kelele.

Tuanze na mvumo. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na ukipenya kwenye njia ya sauti unakuja na wenzake wa 100, 150 na kuendelea, ndiyo maana unasikika kama nyuki na siyo kama ngoma. Dalili yake unaweza kuipata hata kwa mkono. Laptopu ikiwa kwenye chaja, pitisha mgongo wa vidole taratibu juu ya bati lake. Ukihisi ngozi kama inapita juu ya mchanga laini, basi kuna umeme kidogo unaovuja kutoka kwenye vichujio vya chaja. Ulitakiwa ushuke ardhini kupitia waya wa ethi. Ukikosa ethi unakaa kwenye bodi ya laptopu ukitafuta pa kutokea, na wewe uliyevaa hedifoni zake ni sehemu ya njia hiyo.

Angalia waya unaotoka ukutani kuingia kwenye tofali la chaja. Wenye matundu mawili mfano wa namba 8, kama wa redio, hauna ethi kabisa. Wenye matundu matatu, kama uso wa panya na masikio yake, unatakiwa kuwa nayo. Wangu ulikuwa wa matatu, na plagi yake ina pini tatu, kwa hiyo nilijiona niko salama. Nilimwita fundi umeme kwa sababu nyingine kabisa, taa ya choo, nikamgusia na hili. Hakuangalia laptopu hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye ekstensheni, akaifungua skrubu nne.

"Dada, hebu njoo uone."

Ndani waya ulioingia ulikuwa na nyuzi mbili tu, kahawia na bluu. Tundu la tatu lilikuwa na kijibati cha shaba kinachong'aa, hakijaungwa na chochote. "Hii ya kijani na njano wameila," akasema, akacheka. Pini ile ndefu ya juu ilikuwa inafanya kazi ya kufungua vifuniko vya matundu tu. Alibadilisha waya akaweka wa nyuzi tatu, lakini kabla ya hapo alipima soketi ya ukutani kama nyumba yenyewe ina ethi. Hilo naomba ulizingatie, hasa sisi wa nyumba za kupanga: soketi ya matundu matatu siyo ushahidi kwamba kuna waya wa tatu nyuma yake, wala kwamba waya huo umefika kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Usijipimie mwenyewe kama siyo kazi yako. Siku hiyo hiyo mvumo ukaisha, na bati la laptopu likaacha kunitekenya.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka, wa kuvunja pini ya ethi ili kuondoa mvumo. Unatoka kwa watu wanaounganisha laptopu na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) au amplifaya. Kwao tatizo ni kinyume cha langu: vifaa viwili vyenye ethi, kila kimoja kwenye soketi yake, vinatengeneza mzunguko na mvumo unapita humo. Ukivunja pini mvumo unaweza kuondoka kweli, na siku chaja ikiharibika umeme wote unakusubiri kwenye bati. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, na ikishindikana nunua kile kidude chenye transfoma ndogo kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Pini iache.

Chaja za kuokoteza nazo zina mvumo wao hata ethi ikiwepo. Na kama mvumo wako unapanda na kushuka na kasi ya feni ya darini, mtazame huyo feni na swichi yake, siyo laptopu.

Sasa ile shhh. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili, na ningeziokoa kama ningejua jambo moja: shusha sauti ya laptopu hadi sifuri ukisikiliza. Kelele inayopungua pamoja na sauti imeingia kabla ya kidhibiti cha sauti, yaani inatoka kwenye programu au mipangilio. Isiyopungua imezaliwa baada yake, kwenye chipu ya sauti na kiamplifaya chake, na huko hakuna mpangilio wa Windows utakaofika.

Yangu ilipungua kama nusu, ikabaki nusu. Tena ni mbili!

Ile nusu iliyopungua nilikuja kuikamata kwa bahati. Niliweka kikombe cha chai mezani, nikasikia "tok" masikioni. Nikagonga meza kwa kucha: tok, tok. Maikrofoni ya laptopu ilikuwa inanisikilizisha chumba changu mwenyewe. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa najaribu maikrofoni, nikaweka alama mahali nikaisahau. Kama unatumia Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Litafunguka lile jopo la zamani la sauti, ambalo bado lina mambo ambayo mipangilio mipya imeyaficha. Nenda sehemu ya kurekodi, bofya maikrofoni mara mbili. Kwenye kichupo cha Listen hakikisha kile kiboksi hakina alama. Kisha ingia Levels uangalie Microphone Boost. Yangu ilikuwa +30 dB, maana yake volti ya maikrofoni inakuzwa karibu mara 32, pamoja na uchafu wake wote. Irudishe 0, au 10 kama sauti yako huwa haisikiki kwenye vikao vya mtandaoni. Wa Linux fungueni programu ya alsamixer mtafute jina hilohilo. Kuna laptopu ambazo kubadilisha namba hiyo peke yake kunanyamazisha shhh ya hedifoni, hata kama hakuna anayerekodi.

Nusu iliyobaki ilikuwa na tabia yake. Nikisimamisha rekodi inaendelea sekunde chache, kisha "tik", kimya cha kaburini. Nikicheza tena, "tik", imerudi. Hiyo ni chipu ya sauti inakwenda kulala ili kuokoa betri. Ikiwa shhh inalala na kuamka pamoja na chipu, basi ni pumzi yake yenyewe. Kila amplifaya inayo. Suala ni kama hedifoni zako zina masikio makali kiasi cha kuisikia. Zangu ni zile ndogo za kuingia ndani ya sikio, omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na hizo husikia kila kitu. Nilipoazima kubwa za omu 80 kwa rafiki anayefanya kazi redioni, shhh ikawa karibu haipo, ila na mzee naye akapoa ikabidi niongeze sauti.

Dawa niliyoishia nayo ni kadi ya sauti ya USB, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, nilichokinunua Kariakoo kwa shilingi 18,000. Faida yake ni kwamba sauti inatoka ndani ya laptopu ikiwa bado ni namba, na inageuzwa kuwa sauti nje, mbali na prosesa na feni na vurugu zote za mle ndani. Ndiyo pia dawa ya kale kamlio kembamba ka "ziii" kanakobadilika ukisogeza kipanya au ukishusha ukurasa. Hako ni mkondo wa umeme wa prosesa unaovujia kwenye sauti, na sijawahi kuona mpangilio wa kukaondoa. Ukienda kununua nenda na laptopu yako na hedifoni zako. Muuzaji atakuwekea bongofleva kwa sauti kubwa. Mwombe aizime, usikilize ukimya. Na kama unataka kile cha waya mfupi wa USB-C, hakikisha kina chipu ndani, kwani vile vitupu vya bei ya maji vinavyofanya kazi kwenye baadhi ya simu, kwenye laptopu kwa kawaida havisemi kitu.

Mengine nitayapitia harakaharaka. Mkwaruzo wa "tit-titit-tit" unaokuja kabla simu haijaita ni simu yenyewe ikiwa kwenye mtandao wa 2G: inarusha mawimbi kwa vipande, kama mara 217 kwa sekunde, na waya wa hedifoni unayanasa. Kikulacho ki nguoni mwako, tena mfuko wa shati. Isogeze hatua moja.

Sauti ya mwimbaji ikipotea na ala zikabaki kwa mbali, chomoa pini ya hedifoni uichomeke tena mpaka ifike mwisho. Kama bado, bonyeza kitufe cha maikrofoni kwenye waya bila kukiachia. Mwimbaji akirudi, ethi ya pini haijagusa vizuri au hedifoni zina mpangilio wa zamani wa pini.

Za Bluetooth hazina shhh ya aina hii, ila zina yao. Sauti ikigeuka ya simu ya mezani mara tu unapoingia kwenye kikao, ni kwa sababu maikrofoni yake imewashwa na zimehama kwenye njia ya mazungumzo. Chagua maikrofoni ya laptopu, sauti nzuri itarudi. Zikikatakata, chomoa diski ya nje ya USB 3.0 uone: Intel walieleza wazi mwaka 2012 kwamba USB ya aina hiyo inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambako ndiko Bluetooth inakoishi.

Kazi ya yule kijana niliirudia tangu faili la kwanza, bila malipo ya ziada, na "haisikiki" 17 zikabaki 2. Lakini zilizonitisha siyo hizo. Shhh inafunika kwanza herufi zenye pumzi, s, f na sh, na pale ambapo sikuwa na shaka hata kidogo ndipo nilipokuwa nimeandika upuuzi. Kwenye faili la pili, mzee anaeleza jinsi wanaume wa kijiji walivyokuwa wakiamka alfajiri, kabla ya maji kutoka, wakaingia kumi na wawili hadi kiunoni na kuimba, "ndipo tukikishua chombo", yaani wakikiingiza majini. Mimi nilikuwa nimeandika "tukikifua chombo", na pembeni nikaweka maelezo kwa mtafiti kwamba inaonekana wanaume wa zamani walishiriki kuosha vyombo.