Benki imefungwa: mama anadai, mimi nadaiwa. Tunaweza kukata juu kwa juu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Benki ya jamii iliyokuwa hapa mjini kwetu ni miongoni mwa zile zilizofungwa na Benki Kuu mwanzoni mwa 2018. Mama yangu alikuwa na shilingi 4,200,000 kwenye akaunti ya akiba, akalipwa 1,500,000 na kuambiwa asubiri. Mimi nilikuwa na mkopo ambao salio lake ni 1,100,000, na sasa napigiwa simu nilipe. Marehemu baba naye aliwahi kununua hisa wakati benki inaanzishwa. Naomba kuuliza: kwa nini deni langu lisikatwe kwenye pesa za mama zilizobaki, maana ni nyumba moja? Je, sasa ambapo kinga ya amana, yaani kiasi ambacho mwenye akiba huhakikishiwa benki ikifungwa, imepanda kuwa milioni 7.5, mama hawezi kulipwa tofauti? Na hisa za baba tuzihesabu vipi kwenye mirathi?

JIBU: Marahaba. Poleni sana, na mpe mama pole yangu. Najua 2,700,000 zilizobaki si hesabu ya karatasi tu kwa mtu aliyezikusanya msimu baada ya msimu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, deni lako haliwezi kukatwa kwenye amana ya mama, isipokuwa kama alisaini kuwa mdhamini wako. Hilo la udhamini nitalirudia, kwa sababu linaweza kubadilisha hesabu yenu. Kwanza uelewe kilichotokea siku milango ilipofungwa.

Mpaka jana yake, mama alikuwa na pesa benki. Tangu siku hiyo ana dai dhidi ya benki inayofilisiwa. Hiyo ndiyo tofauti inayowachanganya watu wengi. Pesa ya benki unakwenda kaunta unaichukua. Dai linasubiri mali za benki zikusanywe, ziuzwe, ndipo wenye madai wagawane kwa utaratibu wa sheria, na kinachopatikana mara nyingi hakitoshi kumlipa kila mtu shilingi yake kamili.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki 5 kwa mkupuo: Covenant, Efatha, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Mei ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekwishaifunga Mbinga Community Bank, kule kwa wakulima wa kahawa wa Ruvuma. Sababu kuu iliyotajwa ilikuwa upungufu mkubwa wa mtaji. Kote Bodi ya Bima ya Amana, DIB, ndiyo iliyoteuliwa kuwa mfilisi, yaani msimamizi wa kukusanya mali za benki na kuwagawia wanaoidai. Benki nyingine 3, ikiwamo ile ya ushirika Kilimanjaro na ile ya jamii Tandahimba, zilipewa hadi mwisho wa Juni 2018 zijiongezee mtaji.

Watu wakisikia mtaji umekwisha hudhani kuna mtu ameondoka na sanduku la fedha. Wizi hutokea, lakini benki nyingi ndogo hufa bila mwizi hata mmoja. Chukua benki ya mfano yenye amana za shilingi bilioni 6 na mtaji wa wanahisa bilioni 1. Jumla ni bilioni 7, na humo bilioni 5 zimekopeshwa. Zilizobaki ni fedha taslimu, akiba iliyoko Benki Kuu, jengo, magari na samani. Sasa bei ya zao linalotegemewa na wilaya nzima inaanguka, au mvua inakataa, na mikopo ya bilioni 2 inakuwa chechefu, yaani hailipwi kwa wakati. Kanuni zinailazimisha benki kutenga fedha za kufidia hasara inayotarajiwa. Ikikadiria kwamba nusu ya hizo bilioni 2 haitarudi, hasara ni bilioni 1. Huo ndio mtaji wote. Kaunta bado zinalipa, mlinzi bado yuko mlangoni, na wateja hawajaona dalili yoyote. Ila tangu siku hiyo, hasara yoyote itakayofuata itakula amana za wateja wenyewe.

Ndiyo maana Benki Kuu hufunga wakati watu bado wanashangaa kwamba juzi walitoa pesa bila shida. Ikisubiri mpaka kaunta zikauke, wajanja waliopata fununu watakuwa wamekwishaondoka na zao, na mama yako atakuta mabaki.

Benki kubwa ya mjini hupata hasara ya kahawa ikafidiwa na mikopo ya watumishi wa Dodoma au biashara za Kariakoo. Benki ya wilaya moja haina pa kukimbilia. Mkopaji, mdhamini wake, mwenye duka aliyemkopesha mbolea na mteja aliyeweka akiba wote wanaishi kwa zao lile lile. Benki hizi zilianzishwa na watu wenyewe, kwa michango yao, kwa sababu benki kubwa hazikuwataka. Zilipofungwa, wengi waliangukia mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba za kunyonya. Hilo linaniuma hadi leo. Hata hivyo, nia njema haiondoi hatari ya kuweka mayai yote kwenye kikapu kimoja, na kiwango cha chini cha mtaji cha shilingi bilioni 2 kwa benki za jamii kiliwekwa kwa ajili hiyo.

Sasa pesa za mama. Milioni 1.5 alizolipwa hazikutoka kwenye mali za benki iliyokufa. Zilitoka kwenye mfuko wa bima ya amana, ambao benki zote zenye leseni huuchangia kila mwaka kwa kiwango cha asilimia 0.15 ya amana zao. Kinga hiyo hupimwa kwa mtu mmoja katika benki moja, kwa hiyo akaunti zako mbili za benki hiyo hiyo hujumlishwa, ila ukiwa na benki mbili kila moja hupimwa peke yake.

Ni kweli kiwango kilipanda mwaka 2023 kutoka 1,500,000 hadi 7,500,000. Lakini kinga hupimwa kwa kiwango kinachotumika siku benki inapofungwa. Benki yenu ilifungwa kiwango kikiwa milioni 1.5, kwa hiyo tofauti hiyo mama hawezi kuidai. Najua inauma: angefikwa na haya miaka mitano baadaye, angelipwa zote 4,200,000 bila kusubiri. Mtu akija nyumbani akisema anaweza kumfuatilia mama hiyo tofauti kwa ada ndogo, mfungieni mlango.

Zile 2,700,000 zimebaki kuwa dai kwenye ufilisi. Turudi kwenye benki yetu ya mfano. Tuseme mfilisi amehangaika miaka kadhaa, akakusanya bilioni 2.5 kutoka kwenye mikopo ya bilioni 5. Jengo, magari, samani na fedha zilizokuwapo zimetoa bilioni 1.2. Jumla bilioni 3.7. Gharama za ufilisi hutoka kwanza: wanasheria, wathamini, madalali, ulinzi wa majengo, mishahara ya wachache waliobakizwa. Tuziweke milioni 400. Zimebaki bilioni 3.3 za kugawana wenye amana za bilioni 6. Bodi nayo inadai hapo, kwa sababu ilipomlipa mama zile milioni 1.5 ilichukua nafasi yake kwenye foleni kwa kiasi hicho. Nikichukulia kwamba Bodi na wenye amana wanagawana kwa uwiano, kila shilingi 100 inapata 55. Mama angepata 1,485,000 kwa lile dai la 2,700,000, na si lazima zije kwa mara moja. Namba hizi ni za mfano tu, za benki yenu zitatoka kwa mfilisi. Nimeziandika ili uone njia ambayo pesa hupita.

Utauliza mbona mikopo ya bilioni 5 inarudisha nusu. Nimewahi kukaa na majalada ya mikopo ya benki ndogo iliyofungwa, nikiyapitia moja moja. Jalada la kwanza dhamana ni shamba, na uthibitisho wake ni barua ya serikali ya kijiji isiyo na mipaka wala ukubwa. La pili ni ng'ombe sita, wamepigwa picha. Ng'ombe hao walikuwa wameuzwa au kufa zamani. La tatu ni nyumba, lakini mke wa mkopaji hakuwahi kuridhia, na shauri liko mahakamani. La nne mkopaji amefariki na watoto hawajafungua mirathi. Mikopo mizuri ilikuwepo, tena mingi, ila wakopaji wake walipoona benki imefungwa walijiambia deni nalo limekufa. Kila mmoja wao aliyeacha kulipa alimpunguzia jirani yake mwenye akiba, pengine mama yake mwenyewe.

Na hapo tunafika kwenye deni lako. Mkopo wako ni mali ya benki, sawa na jengo lake. Leseni ilifutwa lakini mkataba wako haukufutwa, na mfilisi ana haki ya kukudai na kuuza dhamana kama ilivyokuwa kwa benki. Kukata juu kwa juu kunawezekana pale tu mtu yule yule anapodai na kudaiwa. Kama akaunti ile ya 4,200,000 ingekuwa kwa jina lako, mfilisi angetoa kwanza 1,100,000 ya deni, zikabaki 3,100,000, ukalipwa 1,500,000 za kinga, na dai lako lingekuwa 1,600,000. Kwako hiyo ingekuwa faida kubwa, kwa sababu kila shilingi iliyokatwa ingehesabiwa kwa thamani yake kamili, wakati shilingi iliyobaki kwenye foleni, kwa mfano wetu, inapata senti 55. Ndiyo sababu sheria haiwaruhusu watu kuazimana madai. Ingekuwa hivyo, kila mkopaji angetafuta mwenye amana, amnunulie dai lake kwa bei ya chee, kisha alipie deni, na mfilisi asingebakiwa na kitu cha kuwagawia wengine. Mbele ya sheria ya ufilisi wewe na mama ni watu wawili, hata kama mnakula sahani moja.

Lakini tafuta mkataba wako wa mkopo, usome ukurasa wa wadhamini. Kama mama alisaini hapo, basi naye ana wajibu kwa benki kwa deni hilo hilo, na anadai benki hiyo hiyo. Hapo kuna hoja ya kupeleka kwa mfilisi: aandike barua yeye mwenyewe, aombe wajibu wake kama mdhamini ukatwe kwenye amana yake. Mfilisi anaweza kukubali au kukataa, kwa kuwa mengi hutegemea maneno ya mkataba na lini deni liliiva. Akikubali, deni lako linamalizwa kwa pesa ambazo vinginevyo zingerudi pungufu, na wewe utabaki unadaiwa na mama. Mlipe.

Kama hakusaini, zungumza na mfilisi kuhusu adhabu za ucheleweshaji. Wafilisi wengi hupendelea mtu anayelipa kwa mkupuo kuliko kesi ya miaka mitatu, na adhabu hupungua ukiomba kwa maandishi. Usimkabidhi mtu pesa mkononi, hata kama ni yule yule ofisa mikopo wa zamani mnayemfahamu. Hao wanaokupigia simu waombe barua ya mfilisi inayowatambulisha, kisha piga simu ofisi za Bodi uthibitishe. Lipa kwenye akaunti ya ufilisi tu, ubaki na stakabadhi.

Hisa za baba ndizo mwisho wa foleni. Mwanahisa hapati kitu mpaka gharama, wenye amana na wadai wengine wote walipwe kikamilifu. Kwenye benki iliyofungwa kwa kukosa mtaji, mtaji huo ndio hisa zenyewe, kwa hiyo usitegemee chochote. Ziorodheshwe kwenye mirathi kwa ajili ya ukamilifu, bila kuzipangia thamani, wala ndugu wasigombane kwa sababu yake.

Kwa mama, weka pamoja kitabu cha benki, kitambulisho chake cha NIDA na karatasi ya malipo ya zile 1,500,000, na hakikisha namba yake ya simu na akaunti anayotumia sasa ziko kwa mfilisi. Matangazo ya malipo hutoka magazetini, na wengi waliohama au kubadili laini huwa hawayaoni. Mkimwekea pesa zake SACCOS siku hizi, mjue kwamba kinga ya DIB haifiki huko.

Na ukishamaliza deni, usiondoke na stakabadhi peke yake. Dai barua ya kuthibitisha kwamba mkopo umekwisha, na kama uliweka hati ya kiwanja, hakikisha zuio limeondolewa kwa msajili wa hati. Nimekutana na watu waliolipa kila senti, kisha wakashindwa kuuza kiwanja chao kwa sababu jina la benki iliyokwisha kufa bado lilikuwa limekaa juu ya hati.