Projekta inajirekebisha, au picha inarekebishika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza projekta Kariakoo, na matangazo ya dukani naandika mwenyewe. Projekta nyingi za siku hizi ukiziwasha zinaweka picha sawa ukutani bila mtu kugusa kitu. Mimi huandika "projekta hii inarekebisha picha yenyewe". Mteja mmoja kanikosoa, eti Kiswahili sanifu ni "projekta inajirekebisha". Jirani yangu wa duka la pili anaandika "picha inarekebishika". Na kwenye boksi moja nimekuta "marekebisho ya picha ya kiotomatiki". Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Yote manne ni Kiswahili, ila hayasemi kitu kimoja, na mojawapo linaweza kukurudishia mteja mlangoni na boksi mkononi, anadai hela yake. Nianze na hilo.

Ni lile la jirani yako. Kiambishi -ik- kikiingia kwenye kitenzi kama rekebisha, ambacho hakiendi bila mtu wa kurekebisha, mara nyingi huleta maana ya uwezekano. Barabara inapitika, yaani mwenye gari anaweza kupita. Barua inasomeka, lakini msomaji lazima awepo. Picha inayorekebishika, basi, ni picha ambayo wewe mnunuzi unaweza kuirekebisha, kwa kuzungusha kigurudumu kilicho karibu na lenzi au kwa kubonyeza rimoti. Projekta za bei ya chini nyingi ndivyo zilivyo, na jirani akiyaandika maneno hayo juu ya hizo kasema kweli tupu. Akiyaandika juu ya zile zinazofanya kazi bila kuguswa, anajipunja, maana kaficha kile kile kinachopandisha bei. Na mnunuzi aliyesoma "inarekebishika" akaelewa "inajiweka sawa", halafu akafika nyumbani akakuta kigurudumu, huyo ndiye atakayerudi.

Sasa "inajirekebisha". Mteja wako ana hoja nusu. Kiambishi -ji- hutumika mtenda na mtendwa wanapokuwa mmoja, na si kwa watu peke yao. Tunasema simu imejizima, mlango umejifunga, na hakuna mzee wa Kiswahili atakayekununia. Lakini kabla ya kuweka -ji- uliza kwanza: kinachobadilika ni nini? Hapa inabidi tuingie ndani ya projekta kidogo, kwa sababu chini ya jina moja la "kurekebisha picha" kuna kazi mbili tofauti.

Ya kwanza ni fokasi. Picha ikiwa na ukungu, mota ndogo husogeza lenzi mbele na nyuma hadi herufi zikae wazi. Hapo kilichosogea ni kiungo cha projekta. Mtenda ni projekta, mtendwa ni projekta. "Projekta inajirekebisha fokasi", au kwa kirefu "inajirekebisha hadi picha iwe na ukali", ni sawa kabisa.

Ya pili ndiyo inayokupa shida, nayo ni umbo. Weka projekta kwenye meza fupi, uinue kichwa chake ili picha ifike ukutani. Mwanga unaoelekea sehemu ya juu ya ukuta husafiri mbali zaidi kuliko ule wa chini, na mwanga wa projekta kadiri unavyosafiri ndivyo unavyotanuka. Matokeo yake picha inakuwa pana juu na nyembamba chini. Mstatili umegeuka trapeza, ile ile ya vitabu vya hisabati. Ukiiweka projekta pembeni mwa chumba badala ya katikati, trapeza inalala ubavu: upande wa kushoto mrefu, wa kulia mfupi, au kinyume chake. Watu husema picha imekaa tenge, au imekaa upogo, na maneno hayo mawili ni mazuri mno kuachwa nje ya matangazo.

Projekta inaondoaje utenge huo? Haisogei hata unywele. Kompyuta iliyomo ndani yake inaichukua picha na kuipinda kwa makusudi kinyume cha mpindo wa ukutani: kama juu kutatoka pana, inaibana juu kabla haijatoka. Mipindo miwili inaumana, na jicho linaona mstatili. Kubana huko kuna gharama. Kama projekta ina pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080, zile za pembeni zilizobaki nje ya picha iliyobanwa huachwa zikiwa nyeusi, na picha inachorwa kwa pikseli chache kuliko ulizolipia. Kwenye filamu hutaona tofauti kubwa. Kwenye jedwali la hesabu lenye tarakimu ndogo utaiona. Ndiyo maana fundi mzuri huinua meza kwanza kabla ya kuachia mashine.

Kwa hiyo kwenye umbo, mtenda ni projekta na mtendwa ni picha. Hao ni wawili, na -ji- haina pa kukaa. Hata ukiilazimisha kwa kuongeza -ia, "projekta inajirekebishia picha", umetunga kitu chenye sarufi lakini chenye ladha nyingine. Kujirekebishia, kama kujipikia na kujichukulia, kunaonyesha mtu anajifanyia mambo kwa faida yake. Mteja atadhani projekta ina picha zake za siri. Wala usiandike "picha inajinyoosha". Anayejinyoosha ni mtu aliyetoka kazini akaona mkeka.

Tumalizane na lako. Kasoro ya "projekta hii inarekebisha picha yenyewe" iko kwenye neno la mwisho. Projekta iko ngeli ya i-zi. Picha nayo i-zi. Sasa "yenyewe" ni ya nani? Wewe ulikusudia projekta, bila msaada wa mtu. Msomaji anaweza kabisa kuelewa kwamba kinachorekebishwa ni picha yenyewe, si sauti wala rangi, na la mtu kugusa au kutogusa hajaambiwa. Angalia jinsi utata unavyokufa ngeli zikitofautiana: "mashine inafua vitambaa vyenyewe" ni vitambaa, "mashine inafua vitambaa yenyewe" ni mashine. Hakuna anayebabaika. Dawa ya bei rahisi ni kuondoka i-zi upande mmoja. Andika "kifaa hiki kinanyoosha picha chenyewe". Ki- na chenyewe zinashikana mikono juu ya kichwa cha picha, na mteja hana pa kupotelea.

Dawa ninayoipenda zaidi ni kumtoa mtenda kabisa. Kiswahili kina jozi kama angusha na anguka, amsha na amka, nyoosha na nyooka. Nyooka haimtaki mtu wa kunyoosha, tofauti na rekebishika ya jirani yako. Ukiandika "washa, picha inanyooka yenyewe", jina limebaki moja, yenyewe ina mwenyewe mmoja, na mteja ameelewa kwamba kazi yake ni kuwasha tu. Maneno manne, yanaenea hata kwenye kibandiko.

La kwenye boksi lina ugonjwa huo huo wa upatanisho, umejificha tu. "Marekebisho ya picha ya kiotomatiki": kiotomatiki ni marekebisho au picha? Marekebisho huchukua "ya", na picha ya umoja huchukua "ya", kwa hiyo sarufi imenyamaza. Hamisha neno: "marekebisho ya kiotomatiki ya picha". Mimi dukani nisingetumia kabisa. Ni lugha ya menyu za simu, na mteja wa Kariakoo hanunui menyu. Kuna pia wanaoandika "kusahihisha picha". Hapana. Husahihishwa daftari, mtihani na kauli ya mtu, kitu chenye jibu lililokosewa. Picha iliyokaa tenge haikukosea. Meza ndiyo fupi.

Jambo moja la biashara limebaki, nalo linagusa lugha moja kwa moja. Si kila projekta inanyoosha pande zote. Zilizo na kihisi cha mwinamo peke yake zinajua kama kichwa kimeinuliwa au kimeinamishwa, basi. Ukiiweka pembeni mwa chumba, kihisi hicho hakioni ukuta na trapeza iliyolala ubavu inabaki. Zinazonyoosha pande zote mara nyingi huwa na kamera ndogo inayotazama mchoro wa majaribio ukutani na kupima umekaaje. Kwa hizo zenye kamera, andika "picha inanyooka yenyewe pande zote". Kwa zile za kihisi tu, "picha inanyooka yenyewe juu na chini, kushoto na kulia inarekebishika". Hapo neno la jirani yako limepata kazi yake halali, na bei zako mbili zimepata maelezo.