Jibu: Watoto wawili na saa tano za kungoja JKIA

Habari dada. Umeuliza utawalisha nini na utawatulizaje watoto wa miaka 2 na 4 kwa saa tano JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, kabla ya safari ya nje.

Angalia chakula kwanza. Beba cha nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi. Maziwa ya mtoto waonyeshe wakaguzi mapema bila kungoja kuulizwa, maana vimiminika vya kawaida vinavyozidi mililita 100 huzuiwa. Abiria wanaweza kushushwa garini kukaguliwa hata kabla ya kufika jengoni, basi mdogo mfunge mgongoni kwa leso. Mikono utaihitaji sana.

Vya kuchezea toa kimoja kimoja. Wangu hutulia zaidi dirishani wakitazama ndege kuliko kwenye simu.