Maswali yenu ya betri za kuchaji

Wiki hii pasi na redio zikae kando, betri zimejaa kwenye simu yangu.

Fundi, nilinunua betri nne za kuchaji za rimoti na saa ya ukutani. Saa imesimama baada ya miezi michache, na zile za bei rahisi zilikuwa zinamaliza mwaka. Nimepigwa? (Mama, Tanga)

Hujapigwa, dada yangu, ila umezipa kazi isiyo yao. Saa ya ukutani inakunywa umeme kwa kijiko. Betri ya nikeli ya kawaida, ile yenye maandishi NiMH, hupungua chaji hata ikikaa kabatini bila kuguswa, kwa hiyo inakwisha yenyewe kabla saa haijaila. Tangu 2005 zipo zinazotunza chaji, zile za chapa ya Eneloop ndizo zilizotangulia, na mara nyingi pakiti yake inasema zimeshachajiwa kiwandani. Hata hivyo, saa na rimoti ziwekee alkalini za kawaida, zile za kutumia na kutupa. Za kuchaji peleka kwenye tochi, midoli ya watoto na maikrofoni isiyo na waya: vitu vinavyokula betri kila wiki. Huko ndiko pesa yako inakorudi.

Kariakoo nimeona betri ya tochi, ile nene ya 18650, imeandikwa 9,900 mAh kwa bei ya soda mbili. Nichukue? (Kijana wa Mbagala)

Iache hapo hapo. Jina 18650 ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu 65. Ndani ya kopo hilo, betri nzuri za viwanda vinavyojulikana zina kati ya 2,500 na 3,500 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa. Hiyo 9,900 imetoka kwenye mashine ya kuchapa maganda. Nina moja hapa mezani aliyoniletea mteja, nyepesi kama kopo tupu. Ile ya kweli hukaribia gramu 45 au zaidi, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi mwombe muuza dagaa wa jirani akupimie kwenye mizani yake ya dijitali. Usiipasue kutazama ndani, hiyo ni betri ya lithiamu, inawaka moto.

Zile ndogo za AA, saizi ya rimoti, nazo zina uongo wake. Za nikeli huanzia karibu 1,900 na kuishia 2,700 hivi. Ukiona 4,000, cheka uondoke. Za lithiamu za volti 1.5 zinakuja na ujanja mwingine: zinaandikwa mWh, yaani mAh zilizozidishwa kwa volti, ili namba inenepe. Gawanya kwa 1.5. Yenye 3,000 mWh ni 2,000 mAh tu, na hapo hujadhulumiwa, umezuzuliwa tu.

Shikamoo fundi. Mashine ya presha ya baba inataka volti 1.5, na betri za kuchaji zimeandikwa 1.2. Itapima vibaya?

Marahaba. Usihofu sana hiyo 1.2. Alkalini huanza na 1.5 lakini hushuka kadiri inavyotumika. Nikeli hukaa karibu na 1.2 hadi inakaribia kuisha, na pampu ya mashine inapenda betri isiyochoka njiani. Baadhi ya mashine huwasha alama ya betri mapema, basi. Ila hiki ni kifaa cha afya: soma kijitabu chake kwanza, kikikataza za kuchaji, mnunulie mzee alkalini.

Naweza kuchanganya mpya na za zamani?

Hapana. Dhaifu inaisha kwanza, wenzake wanaendelea kusukuma umeme ndani yake kinyume, inaharibika au kuvuja. Mimi naziandika kwa kalamu ya wino mzito: nne zilizonunuliwa pamoja ni A, nne nyingine B, na zinachajiwa pamoja.

Bibi yangu anaanika betri juani zikiisha. Za kuchaji je?

Tuliokulia kwenye redio ya mkulima tumeanika, na kuzing'ata tumezing'ata. Betri kavu ikipata joto hukupa taarifa ya habari moja zaidi. Ya kuchaji jua linaifupishia maisha tu, na ya lithiamu usiithubutu kabisa. Mwambie bibi sasa ni chaja.

Chaja yangu taa yake ni nyekundu mwanzo hadi mwisho. Nitajuaje zimejaa?

Hiyo ni chaja isiyojua kukata umeme. Igeuze, soma nyuma inatoa mA ngapi, yaani inasukuma umeme kwa nguvu gani. Betri ya 2,000 mAh kwenye chaja ya 200 mA: gawanya, unapata saa 10, ongeza mbili au tatu kwa kinachopotea kama joto. Weka kengele kwenye simu uzichomoe. Ukipata pesa, nunua yenye taa moja kwa kila betri, ili ile mbovu ijitaje yenyewe. Na betri ya lithiamu usiichomeke humo hata siku moja. Ina chaja yake.