Mama analia usiku: je, kukandwa na muziki vitamsaidia?

SWALI: Mama yangu ana saratani iliyofika kwenye mifupa, na sasa anapata huduma ya hospisi, yaani ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona. Wauguzi wamependekeza akandwe mikono na asikilize muziki, lakini kaka yangu anasema hizo ni dalili kwamba madaktari wamekata tamaa. Usiku mama hulia na kuniuliza kama atakufa, nami hukosa la kusema. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, dada, kwa kuuguza. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayamo mwilini tu, bali yamo pia katika hofu zake, katika uhusiano wake na jamaa zake na katika maswali yake ya kiroho. Ndiyo maana mofini, dawa kali ya maumivu, inaweza kutuliza mifupa na bado mgonjwa akakesha. Kukandwa na muziki haviponyi saratani wala havichukui nafasi ya dawa, na atakayekuahidi hivyo msimsikilize, lakini huweza kumpunguzia mgonjwa wasiwasi na kumpa utulivu. Kaka yako aelezwe hayo na muuguzi mwenyewe.

Kwa hali ya mama, asikandwe kwa nguvu, kwani mfupa uliodhoofika huvunjika kwa urahisi. Wala msiukande mguu uliovimba ghafla, maana huenda una damu iliyoganda. Chukua kiganja chake, kipake mafuta, kisha kipapase taratibu kuanzia kifundo hadi ncha za vidole huku ukimtazama usoni; akikunja uso, acha. Dawa za mitishamba asinywe kabla daktari hajaulizwa, kwa sababu baadhi hugongana na dawa za hospitali. Muziki auchague yeye, kwa kuwa wimbo unaokutuliza wewe huenda ukamkumbusha msiba.

Swali lake la usiku ndilo linalonigusa zaidi. Usimwambie, “Usiseme hivyo, utapona,” kwa sababu maneno hayo, ingawa yanatoka katika mapenzi, yanamwacha peke yake na hofu yake. Muulize, “Mama, ni nini hasa kinachokutia hofu?” kisha nyamaza ukiwa umemshika mkono. Wapo wanaoogopa maumivu kuliko kifo chenyewe, na hofu hiyo ina dawa: mweleze muuguzi, dozi iangaliwe upya. Akihitaji kiongozi wa dini au mshauri nasaha, waombeni wauguzi wamtafutie. Nawe omba muda wako na mshauri huyo, kwani huduma ya hospisi inawahusu pia wanaouguza.