Fungu la matengenezo limekatwa: malori yote yapate kidogo kidogo, au mengine yaegeshwe?

SWALI: Nasimamia karakana ya kikosi hapa Iringa. Tuna malori 12 ya dizeli na fungu la matengenezo limepungua karibu nusu. Mkuu wangu anataka kila lori lipate mgawo sawa ili yote yawe tayari. Je, ni sawa?

JIBU: Hapana, ndugu. Ukigawa sawa utabaki na malori 12 ambayo kila moja lina pungufu lake. Mwishoni mwa 2017 Ujerumani ilikuwa na nyambizi 6 mpya za kisasa, na hakuna hata moja iliyoweza kwenda baharini. Sababu kubwa ilikuwa spea: kununua za akiba kulikuwa kumebanwa ili kuokoa fedha.

Kwa fungu lako, anza na malori 5 yanayotunzwa kikamilifu. Mengine 4 yawe tayari ndani ya siku 3, na 3 uyaegeshe kabisa.

Kuegesha ndiko wengi wanakoharibu. Jaza tangi, kwa sababu usiku wa Juni na Julai hewa iliyobaki ndani ya tangi nusu hutoa umande, na maji hushuka hadi kwenye filta na pampu. (Tangi lililojaa lina wapenzi wengi, weka kufuli.) Fungua waya wa hasi wa betri. Lori la volti 24 lina betri mbili, hivyo pima moja moja, maana nzima huficha mbovu. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6, ikishuka hadi 12.4, chaji. Pandisha ekseli kwenye stendi ili matairi yasibonyee upande mmoja.

Kwa yale 4, acheni mtindo wa kuwasha kila Jumatatu dakika tano na kuacha injini ikinguruma lori likiwa limesimama. Haipati joto la kukausha maji kwenye oili, na breki na giaboksi hazifanyi kazi yoyote. Bora kila wiki mbili liendeshwe nusu saa likiwa na mzigo. Kupanda kutoka Ipogolo hadi mjini kutakuonyesha klachi inayoteleza na rejeta iliyoziba, na kushuka kutakuonyesha breki.

Kuchinja lori moja, yaani kung'oa spea zake, ili kuponya jingine kuna gharama iliyojificha: spea ile ile inafunguliwa na kufungwa mara mbili, sili na boliti zinakatika. Ikilazimu, chinja lori moja tu, andika kila kilichotoka, na uagize mbadala siku hiyo hiyo.

Saa za madereva kuendesha usizikate, wasije wakapoteza ujuzi. Mwaka 2013 Marekani ilisimamisha takriban theluthi moja ya vikosi vyake vya ndege za kivita kwa kukosa fedha. Kuanzia Julai ndege ziliruka tena, lakini kurudisha ujuzi wa marubani kulichukua muda zaidi.

Kwenye ripoti ya mwezi usiandike "magari 12". Andika: 5 yanaondoka leo, 4 ndani ya siku 3, na 3 yanasubiri spea hizi, kwa bei hii.