Temu isiyo na x: r ikiwa 6, ni temu ya ngapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, nasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Tulipewa (2x² − 1/x)⁹ tutafute temu isiyo na x. Kwa fomula ya binomia, ile ya kupanua mabano yenye kipeo, ambapo r ni kipeo cha −1/x, nilipata r = 6, nikaandika temu ya sita, ikatoka −2016x³. Kitabu kinasema 672. Nimekosea wapi?
Msomaji, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. r yako ni sahihi kabisa, na −2016x³ kweli ndiyo temu ya sita. Ila r huanzia sifuri: temu ya kwanza ina r = 0, kwa hiyo r = 6 ni temu ya saba. Swali likitaka temu yenye x³, hiyo uliyoipata ndiyo jibu.

Nakusihi uiweke fomula kando kwanza. Una jozi tisa za mabano zinazozidishana, na katika kila jozi unachukua kimoja tu: ama 2x² ama −1/x. Ukichukua −1/x mara r, basi 2x² umeichukua mara 9 − r. Kila 2x² inaongeza 2 kwenye kipeo cha x, kila −1/x inapunguza 1. Kipeo ni 2(9 − r) − r, yaani 18 − 3r. Kikiwa sifuri, r = 6. Ukishaiona r kuwa ni idadi ya mabano yaliyokupa −1/x, hutaichanganya tena na namba ya temu.

Sasa thamani. Kuchagua mabano sita kati ya tisa ni sawa na kuchagua matatu ya kuacha: 9 × 8 × 7 ÷ 6 = 84. Halafu (2x²)³ = 8x⁶ na (−1/x)⁶ = 1/x⁶. Jibu: 84 × 8 = 672. Tafadhali andika (2x²)³ pamoja na mabano yake. Wanafunzi wangu wengi wanaodondosha alama hapa wameandika 2x⁶, ile 2 ikabaki bila kipeo, na inaniuma kwa sababu kazi ngumu walikuwa wameshaimaliza.

Jaribu na kipeo cha 10 badala ya 9. Utapata 20 − 3r = 0, na r haitakuwa namba nzima. Usianze kufuta na kurudia. Andika kwamba temu hiyo haipo, na uonyeshe sababu.